Dada Aliyeketi Mlangoni

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu ambaye hajapata kuulizwa na mtoto, asubuhi ya siku ya mapumziko, "Mama, kwa nini leo hatuendi shule?" Na ni wangapi tumejibu, huku tukichambua mchele, "Ni sikukuu," yakaishia hapo? Sisi tulijibu hivyo kwa miaka mingi. Tarehe 26 Aprili ilikuwa siku ya pilau, 9 Desemba siku ya pilau, na 14 Oktoba siku ya kufua mapazia. Mtoto wa mmoja wetu alipoulizwa katika Shule ya Jumapili kwamba Baba wa Taifa alikuwa nani, alijibu kuwa ni yule mzee wa kwenye noti ya elfu moja. Tulicheka sana, kisha tukaona aibu.

Tu akina mama saba wa mtaa mmoja, hapa Morogoro, na tunasali kanisa moja. Wawili ni walimu, mmoja ni mkunga mstaafu, waliobaki ni wafanyabiashara wadogo na mama wa nyumbani. Kila Alhamisi tunasoma Biblia nyumba kwa nyumba. Siku moja tulifika sura ya nne ya kitabu cha Yoshua, pale Waisraeli wanapovuka Yordani na kuagizwa kubeba mawe kumi na mawili kutoka mtoni na kuyasimika. Mkunga wetu, ambaye hana maneno mengi, alisema kwamba mawe yale yaliwekwa makusudi ili watoto waulize, na kwamba mzazi alitakiwa awe na jibu tayari. Akatutazama. "Haya, ninyi mna jibu gani?" Hatukuwa nalo. Ndipo lilipoanza kabati letu la vitabu.

Kabati lenyewe lilikuwa la vyombo, na mlango wake mmoja haufungi mpaka leo. Tuliliweka katika chumba cha Shule ya Jumapili. Utaratibu wetu ni mwepesi: Jumamosi iliyo karibu na siku ya kumbukumbu, saa kumi alasiri, watoto wanakusanyika, mmoja wetu anawasomea kitabu kinachohusiana na siku hiyo, wanakunywa uji, wanarudi nyumbani kabla giza halijaingia.

Tulidhani kazi ngumu itakuwa uji. Kumbe kazi ngumu ni vitabu. Vitabu vya watoto kwa Kiswahili vipo, na tunaushukuru mradi wa vitabu vya watoto ulioanzishwa nchini mwaka 1991, ambao uliwasaidia wachapishaji kutoa hadithi nyingi na kuzifikisha shuleni. Lakini vingi tulivyovipata ni vya sungura na fisi, mtoto mtukutu, mtoto mtii. Kitabu cha kumsomea mtoto wa miaka minane tarehe 9 Desemba, aelewe kilichotokea mwaka 1961, tulikitafuta madukani na hatukukipata. Basi tukajifunza kutumia tulicho nacho. Kwa Siku ya Wanawake, 8 Machi, tulichukua Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, tukausimulia kwa ufupi; wasichana wakapenda kusikia kwamba mtoto wa kijijini, muuza vyungu, aliimba mpaka sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri. Kwa tarehe 14 Oktoba tuliwasimulia watoto kwamba yule mzee wa kwenye noti alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zikachapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki. Hawakuamini kwamba rais anaweza kukaa akatunga mashairi. Wengine kati yetu pia hatukuwa tunalijua jambo hilo.

Si kila mara tulifaulu. Mwezi Februari, wakati Songea wanapowakumbuka mashujaa wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, tulisimulia habari za Vita vya Majimaji kwa kufuata tamthiliya ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Tulieleza vizuri, tulidhani. Nusu saa baadaye wavulana walikuwa bombani wakimwagiana maji na kurukia "bunduki" za fagio, na mama mmoja aliyekwenda kuwakataza alirudi ameloa mpaka kilemba. Usiku ule mtoto wake akamwuliza kwa nini Mungu hakuyafanya yale maji yazuie risasi kweli, maana watu walikuwa wanaonewa. Mama huyo alituambia Alhamisi kwamba alimwambia mtoto alale. Na Siku ya UKIMWI Duniani, 1 Desemba, ilitushinda kabisa mwaka wa kwanza. Mkekani walikuwapo watoto waliofiwa na wazazi, na kila kitabu tulichokishika kilikuwa kinaonya tu, hakina neno moja la kumfariji aliyekwisha kuondokewa. Tulikirudisha kabatini, tukawapa uji na kuimba nao.

Sasa tuje kwenye mwezi wa Juni, maana ndio uliotufanya tuandike.

Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni, watoto wetu wanaijua kwa fulana, gwaride na hotuba ndefu za juani. Asili yake iko mbali na hapa. Mwaka 1976, katika kitongoji cha Soweto huko Afrika Kusini, maelfu ya wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kufundishwa baadhi ya masomo yao, hata hisabati, kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu waliokuwa wakiwatawala. Polisi waliwafyatulia risasi. Iko picha iliyopigwa siku ile na Sam Nzima, ambayo dunia nzima iliiona: kijana Mbuyisa Makhubu amembeba mikononi Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12 aliyepigwa risasi, na kando yao anakimbia Antoinette, dada yake Hector, mkono umeinuliwa. Mwaka 1990 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua kwamba tarehe hiyo iwe siku ya watoto wa bara zima, na ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991.

Tulipozisoma habari hizi sisi wenyewe kabla ya kuwapelekea watoto, kilichotukaa moyoni ni mama yake Mbuyisa. Mwanawe alilazimika kuikimbia nchi kwa sababu ya picha ile. Mwaka 1978 mama akapata barua kutoka Nigeria. Baada ya hiyo hakupata nyingine. Mkunga wetu alivua miwani, akaifuta kwa khanga muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Barua moja," alisema.

Hatukutaka kuwasomea watoto wadogo habari za risasi peke yake. Mmoja wa walimu wetu alikuwa na kitabu cha Kiingereza alichokinunua zamani kwa muuza vitabu vya mitumba, Journey to Jo'burg cha Beverley Naidoo. Kilichapishwa mwaka 1985, na serikali ya makaburu ikakipiga marufuku nchini mwao mpaka mwaka 1991. Ni kitabu chembamba. Msichana Naledi, wa miaka 13, na mdogo wake Tiro, wa miaka 9, wanaishi kijijini na bibi yao. Mdogo wao mchanga, Dineo, anaugua sana. Mama yao yuko Johannesburg, umbali wa zaidi ya kilometa 300, anafanya kazi katika nyumba ya Wazungu. Watoto wanaamua kumfuata, kwa miguu. Njiani wanasaidiwa na watu, na usiku mmoja wanalala Soweto, kwa dada anayewasimulia yaliyotokea mwaka 1976. Ndiyo maana tulikichagua. Tuliona kinatufaa kwa tarehe yetu. Hatukufikiri zaidi ya hapo.

Mwalimu alikuwa anasoma sentensi kimoyomoyo, kisha anaisema kwa Kiswahili. Watoto kumi na tisa walikuwa wamekaa juu ya mikeka. Dada wa kazi waliowaleta wale wadogo walikaa mlangoni, kama siku zote. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakae mlangoni. Lakini pia hakuna aliyewahi kuwaambia waingie.

Mwalimu alipofika pale watoto wanapomkuta mama yao, wakamweleza kwamba Dineo anakufa, naye akaenda kuomba ruhusa kwa mama mwenye nyumba, chumba kilinyamaza. Mwenye nyumba anamjibu kwamba hawezi kumruhusu leo; jioni yeye na mumewe wana sherehe, na ni lazima abaki amwangalie mtoto wao. Aende kesho.

"Ana roho mbaya," akasema mvulana mmoja kwa sauti.

Kisha msichana wa miaka saba akageuka akatazama mlangoni. "Dada, kwenu ni mbali kuliko hapo?"

Dada yule, wa miaka kumi na sita, kwao ni ndani kabisa ya Mkoa wa Singida. Alikuwa amempakata kitinda mimba wa nyumba anayofanyia kazi. "Ni mbali zaidi," akajibu. Mtoto aliyempakata akaanza kulia, naye akainuka akaenda naye nje, kwa hiyo hakusikia mwisho wa hadithi.

Jioni, wakati wa kuosha vikombe vya uji, alimsogelea mwalimu. "Mama, samahani. Yule mtoto mchanga alipona?"

"Alipona, mwanangu. Mama yao aliwahi kumpeleka hospitali."

Akaosha vikombe viwili vitatu. Kisha akasema, "Hata mdogo wangu alipona."

Mwalimu akauliza ni mdogo gani. Na hivyo ndivyo tulivyopata habari ambayo ilikuwa katikati yetu tangu mwezi wa Aprili. Dada huyu alipigiwa simu kwamba mdogo wake wa kiume ameshikwa na degedege, mama yao yuko peke yake na hana nauli ya kumfikisha hospitali. Aliomba ruhusa na mshahara wa mwezi. Katika nyumba ile ilikuwa wiki ya Kipaimara cha mtoto wa kwanza. Aliambiwa asubiri sherehe ipite. Akasubiri siku nne, akamenya vitunguu, akasonga ugali wa wapishi, akaosha masufuria ya kukodi, ndipo akapewa nauli. Alipofika kwao alikuta jirani amekwisha kuwasaidia, mtoto amepewa dawa ya malaria na anaendelea vizuri. Akakaa siku mbili, akarudi kazini. Hakulalamika kwa mtu.

Hatutasema ni nyumba ya nani. Tulikuwapo sote katika Kipaimara kile. Tulikula ule wali, tukamsifu mwenye nyumba kwa mapishi, na tulimwona dada yule akipita na beseni la kunawia mikono. Mmoja wetu anakumbuka kwamba alimwambia, "Mbona leo umenuna?"

Alhamisi iliyofuata hatukusoma Biblia. Mwenzetu mwenye nyumba alikuwa amekwisha kusikia, na alikuja hata hivyo. Tunamheshimu kwa hilo. Hakulia wala hakujitetea sana. Alisema, "Nilikuwa na wageni themanini na sufuria nne jikoni. Ningefanya nini?" Tulitafuta la kumjibu, na kila aliyefungua mdomo aliukumbuka mwiko wake mwenyewe. Mmoja alikuwa hajalipa mshahara wa miezi miwili, kwa madai kwamba anamtunzia binti fedha zake. Mwingine hakulijua jina la baba wa dada yake, na ameishi naye mwaka na nusu. Wa tatu alirudi nyumbani usiku ule akamwuliza dada umri wake kwa mara ya kwanza, maana aliyemleta alisema ni kumi na sita. Alikuwa na kumi na tatu.

Mwalimu wetu akaturudishia habari nyingine za kitabu kile. Beverley Naidoo, mwandishi, ni Mzungu aliyezaliwa Johannesburg, na alilelewa na mwanamke Mwafrika ambaye watoto wake mwenyewe walikuwa mbali, kama ilivyo katika hadithi. Siku moja mwanamke huyo alipokea telegramu, akaanguka palepale mbele ya yule mtoto wa Kizungu. Watoto wake wawili walifariki kwa dondakoo, ugonjwa ambao mtoto wa mwajiri alikuwa amekwisha kuchanjwa. Katika kitabu Dineo anapona. Waliomfanya mwandishi akiandike hawakupona. Tukasema kumbe sisi tulipewa mwisho wa kitabu, wakati tulistahili ule mwingine.

Mwalimu alikuwa na jambo moja zaidi. Tarehe ileile ya 16 Juni, mwaka 2011, huko Geneva, mataifa yalipitisha mkataba wa kazi za staha kwa wafanyakazi wa nyumbani, na tangu hapo siku hiyo ni yao pia duniani. Siku moja, kumbukumbu mbili. Sisi tulikuwa tumenunua puto kwa ajili ya moja.

Yaliyofuata hayakwenda sawasawa, wala hatutaki kuyapamba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, kwa hiyo yule wa miaka kumi na tatu ilibidi arudi kwao. Tulichanga nauli na mshahara wa miezi mitatu, na wawili wetu wakamsindikiza. Mama yake hakutushukuru. Alituuliza, kwa upole, sasa sare za wadogo zake zitanunuliwa na nani. Tulikaa kwenye kigoda chake, tumeshika soda alizotukopea dukani, na tulijiona wajinga. Mwisho tulikubaliana kwamba tutachangia sare kwa miaka miwili. Binti akaandikishwa katika darasa la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto walioikosa. Mwaka wa kwanza alihudhuria vizuri. Mwaka wa pili wakati wa kilimo alikuwa hahudhurii sana. Bado tunapiga simu.

Kwa dada waliobaki tulipanga mambo machache: mshahara mkononi mwao kila tarehe tano, Jumapili mchana ni yao, na habari ya ugonjwa kutoka nyumbani haingoji sherehe. Waume zetu walikuwa na maneno yao. Mmoja alisema, "Mlisema mnawasomea watoto hadithi. Sasa mbona bili inakuja kwangu?" Lakini alitoa, na kwa siri akamnunulia dada wa kwao simu ndogo ya tochi ili wazazi wake wampate moja kwa moja.

Na walipoambiwa waingie ndani wakae mkekani na watoto, siku ya kwanza walikataa. Walizoea mlango, pale mtu anaweza kuondoka na mtoto anayelia bila kuruka miguu ya watu. Ilibidi tuutandike mkeka mpaka kizingitini.

Dada wa Singida ndiye aliyetuletea jambo ambalo mpaka leo hatujalimaliza. Alifika darasa la saba shuleni, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa baadhi yetu. Mwaka jana, tulipokuwa tunalalamika tena kwamba hakuna kitabu cha Kiswahili cha kusomea tarehe 16 Juni, alisema anaweza kuandika kimoja. Tulimpa daftari la kurasa 48. Aliandika hadithi ya msichana anayetoka kijijini kwa basi, anavyoogopa taa za barabarani, anavyojifunza kuwasha jiko la gesi, anavyomfundisha mtoto wa tajiri wake kuhesabu kwa Kinyaturu. Inachekesha mahali pengi. Mwalimu alisahihisha nukta, mtoto wa mkunga wetu akachora picha, na tukakusudia kutoa nakala ishirini kwenye mashine ya usharika na kuzibana pini.

Lakini ukurasa wa sita kuna Kipaimara. Hakuna jina la mtu, ni wali tu, na sufuria nne, na simu kutoka nyumbani, na siku zinazohesabiwa moja hadi nne. Mwenzetu alipousoma alinyamaza, kisha akaomba, mbele yetu sote, kwamba ukurasa ule uondolewe. Alisema watoto wake wataketi pale mkekani na kuusikia, na wao wanajua kuhesabu sufuria. Dada aliitwa akaulizwa. Alisema kwa adabu, akitazama chini, kwamba mama akitaka ukurasa utoke atautoa, lakini basi hadithi haieleweki, kwa sababu ukurasa wa saba msichana yuko ndani ya basi anarudi kwao, na msomaji hatajua kwa nini amechelewa.

Tumelijadili mara tatu. Mkunga anasema ubaki. Mwalimu anasema tungoje watoto wa nyumba ile wakue kidogo. Wengine wetu tunabadilika kila Alhamisi. Mwenzetu hajaacha kuja, na wiki iliyopita aliomba achukue daftari akalisome tena peke yake nyumbani. Alikaa nalo siku tano. Alipolirudisha ukurasa wa sita ulikuwapo, haujachanwa, ila pembeni, kwa penseli, amesahihisha jambo moja: sufuria hazikuwa nne, zilikuwa sita.